Saida ya tufaha nyumbani: kuchachua lita 15 na kuzitia kwenye chupa bila chupa kupasuka

Saida ni juisi ya tufaha iliyochachuliwa ikawa na kileo. Juisi ikishatiwa hamira, kazi kubwa hufanywa na hamira yenyewe. Wewe unabaki na usafi, joto, na kujua wakati wa kufunga chupa. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi wanaoanza: wanahesabu siku, kumbe kinachoamua ni sukari iliyobaki ndani ya chupa. Ikibaki nyingi, kioo hakitavumilia.

Vipimo vilivyo hapa ni vya lita 15 za juisi katika ndoo ya lita 20. Utapata chupa 28 hivi za nusu lita, na kileo cha asilimia 6 au zaidi kidogo. Hiki si kinywaji cha watoto, na ukitaka kukiuza utahitaji leseni.

Vifaa

Tafuta ndoo mbili za plastiki za lita 20 zenye mifuniko inayobana, za kuwekea chakula. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi au sabuni haifai hata uisugue vipi. Moja ni ya kuchachulia, nyingine ni ya siku ya kujaza chupa. Toboa tundu kwenye mfuniko wa ndoo ya kwanza, pitisha mpira mwembamba unaobana sawasawa, kisha ncha ya pili uitumbukize kwenye chupa yenye maji. Gesi itatoka kwa mapovu, na hewa na nzi hawataingia. Ziko vali za maji zinazouzwa kwa kazi hii, ila mpira na chupa vinatosha kabisa.

Utahitaji pia mpira safi wa mita 2 wa kuhamishia, mizani ya jikoni inayosoma gramu, kipimajoto, na hidromita. Hidromita ni kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya juisi na kuonyesha ina sukari kiasi gani. Maji matupu yanasoma 1.000, juisi ya tufaha kwa kawaida kati ya 1.045 na 1.055. Watu hujaribu kuokoa pesa hapa, na hapa ndipo pasipofaa kuokoa.

Kwa chupa, bia za nusu lita zinazorudishwa kiwandani zina kioo kinene na hupokea vizibo vya kawaida vya milimita 26, vinavyobanwa kwa mashine ya mkono. Epuka chupa za kizibo cha kuzungusha, maana mashine ya mkono haizibi vizuri kwenye zile hesi. Anayeanza atafanya vyema zaidi kutumia chupa za plastiki za soda. Zimetengenezwa kubeba gesi, hazirushi vioo, na ukiziminya kwa kidole unajua gesi imefikia wapi. Chupa za maji ya kunywa hazifai, ni laini mno.

Usafi ni kazi mbili

Kwanza osha kwa sabuni isiyo na harufu kali mpaka pasibaki utelezi. Halafu ndipo uue vijidudu, kwa sababu dawa haipenyi uchafu uliogandamana. Dawa ya klorini ya nyumbani isiyo na manukato inafaa: mililita 4 kwa kila lita ya maji, dakika 20, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Klorini ikibaki, itaiachia saida ladha ya dawa. Usiichanganye kamwe na siki, ndimu au tindikali nyingine yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Kila kitakachogusa juisi baada ya hapo, hata kijiko, kipitie dawa.

Juisi

Matufaha ya Lushoto, Njombe au Limuru yanafaa, na yale ya Afrika Kusini yanayojaa sokoni yanafaa pia. Kwa blenda na kitambaa cha kukamulia, tenga kilo 25 hadi 30 upate lita 15. Kata sehemu zilizooza na uzitupe, ila yaliyojikunja na kukosa sura si tatizo. Usiichemshe juisi: moto huifanya pektini (ute wa tunda unaogandisha jemu) igande na saida isitakate, na harufu ya tunda huondoka na mvuke.

Juisi ya boksi inarahisisha kazi, mradi usome lebo. Ikiwa na sodiamu benzoeti (E211) au potasiamu sobeti (E202), iache. Vihifadhi hivyo vimewekwa makusudi kuzuia hamira, na utakaa wiki nzima ukisubiri mapovu yasiyokuja. Vitamini C (E300) haina neno. Iandikwe ni juisi asilimia 100. Vinywaji vya "ladha ya tufaha" ni maji na sukari.

Matufaha ya kula ni matamu lakini hayana ule ukakasi unaoipa saida mwili. Chemsha majani ya chai, vijiko vinne vya chai kwenye nusu lita ya maji, yaache dakika kumi, chuja, poza na umimine ndani. Juisi ikiwa tamu tupu bila uchachu, ongeza maji ya malimau mawili. Sukari usiongeze. Gramu 17 kwa lita hupandisha kileo kwa asilimia moja, ndiyo, lakini hamira huila yote na kuacha kinywaji chepesi kinachochoma koo.

Hamira na joto

Pakiti moja ya gramu 5 ya hamira ya mvinyo inatosha lita 15. Hamira ya mkate nayo inachachua, ila huacha harufu ya unga na mashapo yake hayashikani chini, ukimimina yanapanda yote. Loweka hamira ya mvinyo kwenye mililita 50 za maji ya nyuzi 35 kwa dakika 15, kisha uimimine kwenye juisi. Kabla ya hapo tikisa ndoo kwa nguvu dakika mbili tatu: hamira inahitaji oksijeni mwanzoni tu. Baada ya siku ya kwanza, hewa ni adui.

Juisi ya tufaha ina naitrojeni kidogo, na hamira yenye njaa hutoa harufu ya yai viza. Ukikosa chakula cha hamira cha dukani, chemsha vijiko viwili vya chai vya hamira ya mkate ndani ya maji kwa dakika kumi, iache ipoe, uitie. Zile zilizokufa huwa lishe ya zilizo hai. Zabibu kavu ambazo wengi hushauri zina naitrojeni ndogo mno kuleta tofauti.

Nyuzi 16 hadi 22 ndizo bora. Njombe au Limuru hilo si shida. Dar es Salaam au Mombasa, ambako chumba kinafika nyuzi 30, hamira huenda mbio na kuacha vileo vizito vinavyonuka kama rangi ya kucha. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, izungushie taulo linalonyonya maji hayo, na asubuhi na jioni tumbukiza kwenye beseni chupa moja ya barafu. Siku nne za mwanzo ndizo zenye uzito. Baada ya hapo joto halidhuru sana. Anayeweza kuagiza hamira ya Norway iitwayo kveik ameepukana na beseni, kwani hiyo hustawi kati ya nyuzi 30 na 40, ilimradi usisahau ile lishe.

Kusubiri, halafu kupima

Andika kipimo cha hidromita kabla ya kutia hamira. Ndani ya saa 24 hadi 48 mapovu yataanza. Yasipoonekana, usikimbilie kuongeza hamira: mara nyingi mfuniko haubani na gesi inapita pembeni. Pima, namba ikiwa imeshuka, mambo yanaenda.

Mapovu yakikoma baada ya siku 7 hadi 14 usiguse chupa bado. Acha ndoo imefungwa mpaka wiki ya tatu itimie, mashapo yatulie. Kisha pima, ngoja siku tatu, pima tena. Namba mbili zikifanana na zikiwa chini ya 1.002, saida imekwisha. Nyingi huishia kati ya 0.996 na 1.000. Zungusha hidromita kidogo ili mapovu yaliyoishika yaachie, maana huinua kijiti na kukudanganya. Joto pia hudanganya: hidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo kwenye nyuzi 30 ongeza 0.002 hadi 0.003 kwenye namba unayoiona. Kiasi ulichopimia kinywe, usikirudishe.

Kileo ni tofauti ya namba mbili mara 131. Ulianza 1.050 ukaishia 1.000: 0.050 × 131, yaani asilimia 6.5.

Siku ya kujaza chupa

Gramu 4 za sukari kwa lita hutoa ujazo mmoja wa gesi, kwa maana ya lita moja ya gesi kwa kila lita ya kinywaji. Saida inayobubujika vizuri ina ujazo 2.5, na ujazo 0.85 hivi tayari umo ndani tangu ichachuke. Unahitaji gramu 6.5 kwa lita, basi gramu 90 kwa lita 14 utakazopata baada ya kuacha mashapo. Pima kwa mizani. Kijiko cha chai kwa kila chupa ni njia ya mkato yenye hatari, kwa kuwa kijiko cha mlima na cha bapa hutofautiana karibu maradufu.

Sasa tazama kinachotokea kwa mwenye haraka. Akifunga saida inayosoma 1.010 ambayo ingeshuka hadi 1.000, ameacha zaidi ya gramu 20 za sukari kwa lita. Hiyo ni ujazo 5 wa gesi, juu ya ule uliomo, na bado hajatia zile gramu 90. Chupa ya shampeni, kwa unene wake wote, imekusudiwa kubeba 6 hivi.

Chemsha sukari ndani ya mililita 200 za maji dakika tano, iache ipoe, imimine chini ya ndoo ya pili. Ndoo yenye saida iwe juu ya meza tangu usiku uliotangulia ili usiyatibue mashapo. Jaza mpira maji safi, ziba ncha kwa kidole, zamisha ncha ya juu na uachie ya chini. Usifyonze kwa mdomo, mdomo una bakteria. Ncha ya chini ifike kwenye sakafu ya ndoo ili saida iingie kimya bila kurukaruka. Koroga taratibu mara chache. Kila chupa ijazwe kutoka chini kwenda juu, ibakize sentimita 3, kisha izibwe papo hapo.

Jaza walau chupa moja ya soda hata kama nyingine zote ni za kioo. Hiyo ndiyo itakayokuambia. Weka zote kwenye kreti au boksi lililofunikwa, mahali pa nyuzi 20 hadi 28, mbali na watu na jua. Baada ya wiki moja hadi mbili ile ya plastiki itakuwa ngumu kama ya soda mpya. Hapo peleka moja kwenye friji siku nzima na uifungue juu ya sinki.

Anayependa tamu aitie utamu kwenye glasi. Sukari ya utamu ndani ya chupa hai haibaki kuwa utamu, hugeuka gesi.

Mambo yakiharibika

Harufu ya yai viza siku za katikati mara nyingi huondoka yenyewe kwa muda. Harufu ya siki haiondoki: bakteria waliletwa na nzi wa matunda na wakapata hewa, na hapo una siki ya tufaha, tumia jikoni. Utando mweupe juu ni hamira pori zinazopenda hewa. Hamisha saida iliyo chini yake mapema na, namba mbili zikishafanana, uifunge chupani bila kuchelewa. Saida isiyotakata kwa sababu ya pektini tu haina madhara.

Chupa moja ikifoka na nyingine ni tulivu, moja hiyo ilikuwa chafu. Zote zikifoka, au moja ikipasuka, vaa miwani na nguo nzito, funika kreti kwa taulo zito lililolowa, sogeza kwenye baridi kwa siku nzima, kisha legeza vizibo kimoja kimoja. Usizishike mkononi zikiwa na joto.

Kuhusu hofu ya methanoli: inayotokana na kuchachua tunda ni kidogo sana. Sumu zinazoua watu hutoka kwenye pombe kali zilizochanganywa na methanoli ya viwandani. Usikeneke ulichotengeneza, yaani usikichemshe ukakusanya mvuke wake, huo ni mlango mwingine kabisa, wa sheria na wa hatari.

Ukitaka bia

Tofauti kubwa ni kuchemsha. Kwa lita 20, kilo 2.5 za unga wa kimea kilichokamuliwa hukupa takriban 1.046. Chemsha saa moja na gramu 25 za hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) zenye asidi alfa, kile kinacholeta uchungu, asilimia 10, na usiondoke dakika kumi za mwanzo, sufuria hufoka ghafla. Poza haraka ndani ya beseni la maji ya barafu hadi chini ya nyuzi 22, tia gramu 11 za hamira ya bia, na kuanzia hapo fuata njia ileile ya saida. Bia haishuki hadi 1.000, huishia 1.010 au 1.012 kwa sababu kimea kina sukari ambazo hamira haizili. Kanuni ya 1.002 haitumiki, ile ya namba mbili zinazofanana inabaki. Sukari ya chupa ni gramu 6 kwa lita, na chupa ziwe za kahawia, kwani mwanga huigeuza hopsi kuwa harufu mbaya.

Wakati wa kunywa, mimina kwa mkupuo mmoja wa polepole na uache sentimita moja ya mwisho yenye mashapo. Suuza chupa palepale. Mashapo yakikauka ndani utayasugua mpaka kesho.