Kununua Spana Imara kwa Bei Nafuu, Arusha na Moshi

Somo hili ni la fundi anayeanza kujaza kisanduku chake, na nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilinunua mkoba wa spana na soketi, vipande 108, mjini Arusha kwa bei iliyonifurahisha, na wiki ileile soketi namba 14 ikapasuka nikiwa chini ya Corolla. Vipande vingi vilivyobaki sijavigusa hadi leo.

Hatua ya kwanza: kabla hujatoka nyumbani, andika namba (yaani milimita za upana wa kichwa cha bolti au nati) unazozitumia kila siku. Kwa Toyota zilizojaa gereji zetu, 8, 10, 12, 14, 17 na 19 zitamaliza kazi nyingi, pamoja na 21 ya nati za magurudumu ya gari dogo.

Hatua ya pili: tia mfukoni bolti safi ya namba 12. Ukifika kwa wauza vyuma vya mtumba, iwe mtaa wa Unga Limited, Arusha, au Moshi mjini, ivishe spana na uitikise. Ikicheza kama jino bovu, mdomo umeshapanuka, iache. Kromu inayobanduka nayo hukata vidole. Maandishi "Chrome Vanadium", jina la aina ya chuma kigumu, yasikutoshe, kwani yeyote anaweza kuyachapa. Mimi huipenda spana ya chapa ya KTC ya Japani au Gedore ya Ujerumani iliyofifia rangi kuliko mpya isiyo na jina. Kwa soketi, chagua za pembe 6, maana hukamata ubavu wa nati yenye kutu, ilhali za pembe 12 huwahi kula kona zake.

Racheti, yaani mpini wa soketi unaokaza upande mmoja na kurudi bila kulegeza, izungushe polepole karibu na sikio, usikilize kama kuna jino linalorukwa. Yenye meno 72 hushika kila nyuzi 5 za mzunguko, jambo utakalolishukuru penye nafasi finyu.

Hatua ya tatu ni bei: kusanya vipande vinne au vitano ndipo upatane kwa jumla. Dukani, dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), na kabla ya kulipa muuzaji aandike nyuma yake kama kikipasuka atakibadilisha.

Maswali ya wanachama

Fundi, heshima yako. Je, spana za inchi bado zina kazi?

Zinayo, kwenye Land Rover na matrekta ya zamani. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo ukilazimisha 13 utaiviringisha nati. Robo tatu ni 19.05, ndiyo maana 19 huingia kwa kubana.

Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya mtumba inafaa?

Ipime kwanza. Ibane kichwa kwenye jiriwa, mpini wake ukiwa umelala sawa, kisha tundika ndoo yenye lita 20 za maji sentimita 50 kutoka katikati ya kichwa. Hiyo ni karibu Nm (nyutoni mita) 100. Ukiiweka kwenye Nm 80 inapaswa kulia "klik", ukiiweka 120 inyamaze. Muuzaji akikataa isipimwe, mrudishie.