Kabla Hujaenda Magofuni, Uliza Maji Kwanza

Kila Sikukuu inapokaribia, jamaa zangu wa Mjini, na wengine wa Bara, hunipigia simu wakitaka niwatembeze kwenye mambo ya kale ya Pemba. Swali lao la kwanza ni gari: ipo, inachukua watu wangapi, na dereva atataka ngapi. La kwangu ni moja: siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi? Hapo hunyamaza. Wengine hudhani naulizia mshahara. Mimi nauliza mwezi mwandamo, kwa sababu magofu yetu kadhaa yako kwenye ncha za rasi na visiwa vidogo, na saa za kuyafungua na kuyafunga zinapangwa na bahari.

Anayekwenda Misri ana nafuu. Piramidi ya Khufu pale Giza ina miaka kiasi cha 4,500, ilipokamilika kimo chake kilikaribia mita 146, na hata ukifika umelala garini, ukifumbua macho utaiona tu. Ya kwetu hayakujengwa kumtisha mtu. Ukifika Ras Mkumbuu, rasi yetu ya upande wa magharibi mwa Pemba, hukujiandaa, utaona kuta zilizokatika, kichaka, makaburi yenye nguzo, kisha utapiga picha na kuuliza soda inauzwa wapi. Soda haiuzwi.

Kwa hiyo matayarisho ya mwanzo unayafanya umekaa barazani kwako. Jua angalau unakwenda kuangalia nini. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad, alisafiri kwa jahazi kati ya Oman na mahali alipopaita Qanbalu, mara ya mwisho mwaka 916, akakuta Waislamu wanaishi huko. Wataalamu wengi wanaona Qanbalu hiyo ni Pemba. Huko Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukiwa pamoja, na chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali. Zile za fedha ni ndogo sana, zimepigwa huku huku pwani, na maneno ya upande mmoja yana vina na maneno ya upande wa pili. Mimi hapo ndipo ninaposimama kila nikipaeleza. Mtu anapiga pesa ya kununulia nguo sokoni, na bado anataka iwe na vina! Ukilijua hilo kabla, ule ufukwe wa matope na mikoko hautauona mtupu tena.

Pujini nako hakufai kwenda kichwa kitupu. Pale pana ngome ya karne ya 15 hivi, yenye boma la udongo na mawe, na masimulizi yote ya kijijini yanamtaja Mkama Ndume, mtawala aliyewakamua watu kama ng'ombe, ndiyo maana ya jina lake. Utaoneshwa kisima na utaambiwa kiliwekwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wakienda kuteka maji. Mimi simbishii anayesimulia. Nakushauri uyasikilize masimulizi kwanza, halafu uzunguke boma lenyewe kwa miguu, maana ukubwa wake hauonekani ukisimama mlangoni. Kuna chumba cha chini kwa chini pia, basi chukua tochi ya kweli. Mwanga wa simu unamaliza chaji na hauoneshi kitu.

Sasa maji. Bahari yetu inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapopevuka, na siku moja mbili baadaye, ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na katika visiwa vyetu yale ya kupwa huangukia katikati ya asubuhi, kwenye saa nne saa tano, kisha maji yanajaa alasiri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Anayetaka kuvuka kwa miguu kwenda Mtambwe Mkuu anataka bamvua ya asubuhi. Awe ameshaanza kutembea kabla maji hayajatoka kabisa, na awe amerudi nchi kavu kabla ya adhuhuri. Hili si la kukisia. Jedwali la kujaa na kupwa linapatikana kwenye intaneti, lakini uliza na wavuvi wa pale pale, kwa sababu jedwali halijui kichochoro kipi kina tope la kuzama mpaka magotini.

Nasema hivi nimeshalipia. Mwaka mmoja niliwavusha watoto watatu wa kaka yangu. Mdogo wao alikwishasikia habari za sarafu, basi akainama mchangani hakunyanyuka. Nami nikajisahau nikawa namsaidia. Tulipogeuka, njia tuliyopita imekuwa bahari. Tulikaa chini ya mti mpaka akatokea mzee mmoja na mtumbwi wake, akatuvusha kwa mafungu mawili. Akaniuliza kwa upole, "Nyinyi wageni, mwanangu?" Mimi niliyezaliwa Wete nikaitikia, "Ndiyo, babu, wageni," nikaangalia pembeni.

Ras Mkumbuu inataka kinyume chake. Wengi huenda kwa boti kutoka upande wa Wesha, na boti inataka maji ya kutosha kushukia, la sivyo utateremshwa mbali na utatembea juu ya mawe ya matumbawe yanayokata kama wembe. Makubaliano na nahodha yafanywe jana yake: saa ya kuondoka, saa ya kurudi, bei ya chombo kizima au ya kichwa, na iwapo atawangoja pale pale au ataondoka kwenda kuvua kisha arudi. Hilo la mwisho ndilo watu wanalolisahau. Majaketi ya kuokolea muyaone kwa macho yenu kabla hamjapanda, na yahesabiwe, yasiwe matatu kwa watu kumi na mmoja. Pepo za kusi zikishika, sikiliza neno la nahodha. Akisema leo hapana, leo hapana. Iko njia ya nchi kavu pia kupitia Ndagoni, ila miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, usiniambie nilikwambia.

Kuhusu ruhusa. Anzia Chake Chake, kwenye makumbusho yaliyomo ndani ya ngome ya zamani. Utapata picha ya kisiwa kizima na utaonana na watu wa mambo ya kale, uwaulize kiingilio kinalipwa wapi na nani atakuongoza. Dai risiti. Ukifika kijijini, usipite moja kwa moja na kamera yako. Piga hodi kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, au kwa wazee waliokaa barazani. Salamu ya dakika tano inakupa mtu wa kukuonesha njia, na mara nyingi inakupa na madafu. Nimeshaona kundi moja la wanafunzi wa mbali likifukuzwa na watoto wadogo kwa sababu mwalimu wao hakusalimia mtu. Watoto walikuwa wanatetea shamba la babu yao, na walikuwa na haki.

Mavazi si suala la watalii peke yao, na sisi wenyewe tumelegea. Mengi ya magofu haya ni misikiti na makaburi. Mihirabu iliyobomoka bado ni mihirabu. Kanzu si lazima, lakini kaptura iache nyumbani, na mwanamke awe na mtandio au kanga ya ziada mkobani. Usikalie kaburi kupumzika hata kama limeshasawazika na ardhi. Na ukikuta ubani, vitambaa au vishilingi vimewekwa penye ufa wa ukuta, viache. Aliyeviweka ana haja yake, na si kazi yako kumfundisha dini siku ya matembezi.

Ukiwa Unguja, jambo hili linakuhusu zaidi Kizimkazi Dimbani. Msikiti ule ukiuangalia kwa nje una paa la mabati na ni wa kawaida mno, wenye gari huupita kukimbilia pomboo. Ndani, kwenye kibla, mna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye tumbawe, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, ila hayo maandishi yanabaki miongoni mwa ya kale kabisa katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa watu wanasali humo mpaka leo, epuka nyakati za sala, khasa Ijumaa mchana, tafuta mtunzaji, na wanawake waulize kwanza kama wanaweza kuingia na kwa utaratibu gani. Ramadhani unaweza kwenda, lakini usitoe chapati hadharani.

Nije kwenye jambo linalonitia hofu kuliko bahari, nalo ni kuta. Ili ujue kwa nini usiegemee, lazima ujue zilivyojengwa. Wazee walitumia mawe ya matumbawe magumu ya nchi kavu kwa ukuta, wakayashikisha kwa chokaa na udongo. Mihirabu na fremu za milango walizichonga kwa tumbawe la baharini, ambalo bichi linachongeka kama muhogo na likikauka linakuwa jiwe. Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki upana wa zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kama jahazi. Paa likivuja, maji yanaingia ndani ya ukuta, udongo unalainika, boriti zinaoza vichwa, na kwa nje plasta bado nzuri imetulia. Fundi akija na saruji akaziba, ndiyo kaharibu kabisa, kwa sababu unyevu unafungiwa ndani.

Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe, imetufundisha kwa msiba. Sultani Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, na ikaitwa nyumba ya maajabu kwa sababu ilikuwa na taa za umeme na lifti wakati watu wengi hawajaviona. Kumbi zake zilipata upana na urefu kwa msaada wa nguzo za chuma. Ilipigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikumaliza saa moja, na ikasimama. Kisha tarehe 25 Disemba 2020, mchana kweupe, ikiwa katika ukarabati, upande mmoja ukaporomoka, watu wawili wakafa. Kama jumba lile, lililokuwa na mafundi ndani yake, liliweza kuanguka hivyo, basi ukuta wa Mtoni au Maruhubi, magofu ya majumba ya masultani huko Unguja, usiokuwa na paa kwa zaidi ya miaka mia usiupande kwa ajili ya picha. Watoto waambiwe nyumbani, si pale. Ukiona mzizi wa mti umeingia ukutani, kaa mbali kwa kiasi cha urefu wa ukuta wenyewe. Na sehemu zilizo katika matengenezo, Beit al-Ajaib ikiwemo, uliza kwanza kama ziko wazi kabla hujawatoa bibi na wajukuu Bububu kwa daladala.

Vya kubeba havina siri: maji mengi kuliko unavyodhani, kofia, viatu vya kufunga nyuma (makobadhi yatabaki topeni), dawa ya mbu, pesa taslimu za noti ndogo. Chakula kipikwe nyumbani. Mkate wa kumimina unasafiri vizuri, wali hausafiri. Taka zote mrudi nazo.

Vya kurudi navyo ni picha tu. Ardhi ya pale imejaa vigae, vya vyungu vya kienyeji na vya mabakuli yaliyotoka Uajemi na China, na mkono unawasha. Kigae kikiwa mahali pake, mtaalamu anakisoma: kimefukiwa kina gani, kiko karibu na nini, ni cha karne ipi. Kikiwa kwenye kabati lako la vyombo ni uchafu. Sheria nayo inakataza, lakini hata bila sheria ningekunyang'anya.

La mwisho ni boti ya kurudi Unguja. Siku ya boti usiweke gofu lolote, hata la karibu. Shemeji yangu mmoja alijiona mjanja, akataka kuipata Ras Mkumbuu alfajiri na boti baadaye siku hiyo hiyo. Alifika bandarini Mkoani suruali imeganda tope la mikoko mpaka magotini, boti imeshang'oa nanga. Alikaa kwangu siku tatu zaidi, na kwa bahati yake zote zilikuwa maji mafu.