Kusafisha Ubuntu bila kuharibu kompyuta

Kabla ya lolote, nakili kazi zako kwenye diski ya nje au flashi. Kisha fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uone nafasi iliyobaki:

df -h /

1. Faili za usakinishaji

sudo apt clean

Hapa apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, hufuta faili za .deb zilizorundikana ndani ya /var/cache/apt/archives. Programu zako haziguswi.

2. Pakeji zisizo na kazi

Pakeji ni programu au sehemu yake kama apt inavyoisakinisha. Hapa ndipo watu huumia, basi twende taratibu. Anza na jaribio:

apt-get -s autoremove

Kwa sababu ya -s, hakuna kinachofutwa. Unaonyeshwa tu majina. Yasome yote. Tuseme uliweka programu fulani ya video, ikaja na ffmpeg, zana ya kubadilisha video. Ukiiondoa programu hiyo, apt huihesabu ffmpeg kuwa yatima, yaani haihitajiki tena, hata kama wewe unaitumia kila siku. Iokoe:

sudo apt-mark manual ffmpeg

Orodha ikikuridhisha, endesha `sudo apt autoremove`. Kerneli (viini vya mfumo) za zamani nazo huondoka hapa. Usizifute kwa mkono ndani ya /boot.

Niliwahi kuletewa laptopu inayowaka na kuishia kwenye maandishi meupe juu ya skrini nyeusi, ikiomba jina na nywila. Mwenyewe alikuwa ameondoa python3 akidhani ni ya waandika programu tu. Apt ilimwonyesha orodha ndefu ya vitakavyoondoka nayo, eneokazi (desktop) zima likiwemo. Akabonyeza Y bila kusoma. Niliiunganisha kwa waya wa mtandao na kuandika `sudo apt install ubuntu-desktop`, ikarudi. Faili zake zilikuwa salama, lakini alikuwa amekesha na hofu ya kupoteza kazi zake zote. Tafadhali, soma orodha kabla ya Y.

3. Kumbukumbu za mfumo (logi)

Amri ya kwanza huonyesha nafasi zilizoshika; ya pili hufuta za zamani hadi zibaki kama 200M.

journalctl --disk-usage
sudo journalctl --vacuum-size=200M

4. Folda yako mwenyewe

du -h --max-depth=1 ~ | sort -h

Kubwa zaidi zitakaa chini. Mara nyingi mzigo uko Downloads: faili za ISO, video zilizopakuliwa mara mbili. Picha ndogondogo za ~/.cache/thumbnails futa bila wasiwasi, zitatengenezwa upya. Ukifuta kwa kipanya, kumbuka kumwaga na kikapu cha taka, maana hadi hapo nafasi bado imeshikwa.

Rudia `df -h /` ulinganishe na namba ya mwanzo.