Jinsi ya kunasa ubongo ukishtukia sauti ngeni (anza na sauti, kofia baadae)

Watu wengi wakianza utafiti wa ubongo na usikivu wanakimbilia kofia ya elektrodi, wanataka waone mawimbi yakicheza kwenye skrini. Mi nakwambia anza na sauti. Naeleza jaribio moja tu hapa, ndo jepesi kuliko mengi na hili likikushinda yale ya kusikiliza maneno kwenye makelele usiyaguse kwanza.

Iko hivi. Unampigia mtu mlio uleule, ti ti ti ti ti, halafu unachomeka ta. Ubongo unashtuka hata kama mwenyewe hasikilizi, yuko bize na filamu isiyo na sauti. Mshtuko huo kitaalamu ni MMN (kirefu chake cha Kiingereza ni mismatch negativity), Risto Näätänen wa Finland na wenzake ndo waliuelezea mwaka 1978, na unatokea kama milisekunde 150 hadi 250 baada ya sauti kubadilika. Utamu wake ni kwamba humuulizi mtu chochote, kwa iyo hata kichanga aliyelala anapimika.

Tengeneza milio miwili, tuseme Hz 1000 na Hz 1200, kila mmoja milisekunde 100. Mwanzo na mwisho wa kila mlio upandishe na kuushusha taratibu kwa milisekunde 5 hadi 10, la sivyo spika inatoa kile kimlio cha "tk" na ubongo unajibu hicho badala ya mlio wako. Sauti ngeni ziwe asilimia 15 hivi, mbili zisifuatane, na zile za mwanzo kabisa ziwe za kawaida zote ili ubongo uzoee kwanza. Ukipiga sauti 1000, moja kila nusu sekunde, unapata ngeni 150 kwa dakika 8 na kidogo, inatosha kuanzia.

Halafu rudia raundi ya pili umezigeuza, iliyokuwa ngeni iwe ya kawaida. Hapa wengi wanaruka. Ukilinganisha 1200 na 1000 moja kwa moja, utajuaje kama tofauti ni mshtuko au ni kwa vile tu milio yenyewe haifanani? Linganisha 1200 ikiwa ngeni na 1200 hiyohiyo ikiwa ya kawaida.

Sasa muda, na hapa naomba utulie. Kompyuta inaiambia mashine ya EEG (ile inayorekodi umeme wa ubongo) "sauti imetoka SASA" kumbe sauti bado iko kwenye kadi ya sauti inajikokota. Mi niliwahi kupima watu 6 kabla sijastuka, data yote ikaenda na maji. Chukua kebo toka tundu la hedifoni uingize kwenye mlango wa ziada wa mashine (ule wa ziada, sio wa elektrodi, unaweza kuuharibu), piga milio 200, angalia ile alama ya "SASA" na sauti yenyewe vimepishana kiasi gani. Ikichelewa milisekunde 30 kila mara hamna shida, unatoa 30. Ikichelewa 10 mara hii, 45 mara ile, simama hapohapo usipime mtu, maana ukija kutafuta wastani wimbi litasambaa mpaka lipotee. Hedifoni za Bluetooth sahau kabisa. Ukitumia spika kumbuka kila mita inaongeza karibu milisekunde 3.

Mtu akija mpime masikio kwanza, Hz 250 hadi 8000, akisikia kwenye desibeli 20 poa. Muulize kama ana mafua. Nywele nzito au zilizosukwa ongea nae siku ya kumwalika, sio anafika mlangoni ndo unamwambia haifai, ni aibu na sio yeye mwenye kosa. Elektrodi muhimu ni Fz (katikati, mbele ya kichwa), Cz (utosini), mfupa wa nyuma ya kila sikio, na za macho. Rejea, yaani elektrodi ya kulinganishia zingine, iweke puani, ukifanya hivyo MMN inakuwa hasi mbele ya kichwa na chanya nyuma ya masikio, ukiona imegeuka hivyo unalala usingizi.

Uchambuzi ni mfupi. Chuja kati ya Hz 0.1 na 30, kata vipande toka milisekunde 100 kabla ya sauti hadi 400 baada, tupa vilivyochafuliwa na kupepesa macho, tafuta wastani, kisha ngeni toa kawaida. Usishangae wingi wa vipande: mshtuko ni mikrovoti chache tu ndani ya makelele ya umeme ya makumi ya mikrovoti, na makelele hayo yanapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipande, yaani vipande 100 vinayapunguza mara 10, ukitaka mara 20 lete 400. Dirisha la muda utakalopima liandike kabla hujaona data, ukichagua baada ya kuona unajidanganya mwenyewe.

Na ukiona wimbi linachimba chini au linapanda juu soma mhimili kwanza, maabara nyingine zinachora hasi juu.