Jiko la safari ndani ya buti: namna ya kulipanga ili chai iive kabla hema halijasimama

Ukifika kambini ukingoni mwa Ngorongoro saa moja kasoro jioni, una mambo matatu ya kupambana nayo kwa wakati mmoja: giza linaingia, upepo ni wa baridi kweli (uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari), na watoto uliokuja nao hawajala tangu Karatu. Hapo ndipo utajua kama gari lilipangwa au lilijazwa tu.

Mimi ni mpishi wa safari, nafanyia kazi zangu Arusha. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa na kipimo kimoja. Gari likizimwa, alikuwa anasema, "Haya mwanangu, chai." Nikishusha hema ili nipate birika, au nikiuliza kiberiti kiko wapi, alinyamaza, na asubuhi yake tulipanga gari upya kuanzia mwanzo. Haya nitakayoeleza ni ya familia ya watu wanne, siku tatu, gari la kawaida kama RAV4 au Prado.

Hatua ya 1: Pima buti kabla ya kununua chochote

Chukua futi ya fundi, pima upana, kina na urefu wa buti hadi usawa wa kioo. Watu wengi hununua masanduku mazuri kisha mlango wa nyuma unagoma kufunga kwa vidole viwili tu. Halafu funua zulia la buti. Magari mengi huficha jeki na spana ya magurudumu chini yake. Vitoe sasa, viweke chini ya kiti cha mbele au pembeni ya mlango. Niliwahi kupata pancha karibu na Makuyuni, nikashusha mzigo wote kando ya barabara, mchele na magodoro, nikitafuta jeki.

Hatua ya 2: Masanduku matatu, si zaidi

La kwanza ni sanduku la chai, dogo, unaloweza kulibeba kwa mkono mmoja. La pili ni la vyombo. La tatu ni la chakula, na hili kwangu ni tranka la bati, lile la wanafunzi wa bweni. Lina uzito na linapiga kelele njiani, lakini lina kufuli. Nyani anafungua sanduku la plastiki lenye vibanio haraka kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Tranka lenye kufuli hulitikisa kidogo kisha huliacha.

Sakafuni mwa kila sanduku tandika kipande cha godoro jembamba au khanga iliyochakaa. Barabara ya changarawe ina mawimbi madogo madogo yanayotetemesha gari kwa masaa, na kitu chochote kinachogusana na kingine kitasagika.

Hatua ya 3: Sanduku la chai

Hili ndilo moyo wa mpango wote, kwa hiyo sikubali liazimwe wala lichanganywe na vitu vingine. Ndani yake kuna birika dogo au sufuria ndogo, vikombe vinne vya bati, majani, sukari, tangawizi ya unga, maziwa ya unga, kijiko kimoja kirefu, biskuti, viberiti viwili (kimoja ndani ya kopo lisilopitisha maji) na tochi ya kichwani. Pembeni yake hukaa kidumu cha lita 5 cha maji safi. Ukiwa na haya na gesi, huhitaji kugusa kitu kingine kwa nusu saa ya kwanza. Watu wanapata kitu cha moto mkononi, wanatulia, na mahema yanasimamishwa bila ugomvi.

Hatua ya 4: Vyombo

Sufuria zetu za aluminiamu hazina mikono, na kwa safari hiyo ni baraka, maana zinaingiana. Chukua tatu: kubwa ya wali au ugali, ya kati ya mboga, ndogo ya mchuzi. Katikati ya kila mbili weka kitambaa, la sivyo zitasuguana na utakuta vumbi jeusi ndani. Tumbo la ile ndogo lisibaki tupu, litie vijiko, kopo la chumvi na viungo. Vifuniko visimame ubavuni. Ongeza kikaango kimoja, mwiko, kisu kimoja kikali ndani ya ala ya kadibodi, kibao cha kukatia, vitambaa vinene vya kushikia sufuria, na mabeseni mawili yanayoingiana: moja la kuoshea, jingine la kusuuzia. Sabuni na stilwaya vikae nje ya sanduku hili, kwenye ndoo. Sabuni ya unga ikipasuka karibu na mchele, mchele huo umekwisha.

Hatua ya 5: Pika nusu ya safari nyumbani

Andika milo yote kwenye karatasi, kisha fungasha kwa mlo, si kwa aina ya chakula. Mchele wa Jumamosi usiku ukae pamoja na viungo vyake vya pilau kwenye kopo moja lenye jina. Kwa wali huwa nahesabu kilo moja kwa watu wanane, kwa ugali kilo moja ya sembe kwa watu wanne au watano wenye njaa ya safari. Mifuko ya plastiki isahau. Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 1, 2019, na makopo hata hivyo hayapasuki.

Maharage yachemshe nyumbani mpaka yaive kabisa, yagandishe kwenye makopo. Kule juu ya kreta maji huchemka kwenye nyuzi 92 au 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage mabichi yatakula gesi yako usiku kucha na bado yatakuwa magumu. Yakiwa yameganda, yanafanya na kazi ya barafu ndani ya deli. Barafu nyingine iwe ya chupa za maji zilizogandishwa: haimwagiki, hailoweshi nyama, na ikiyeyuka unakunywa. Deli lifunguliwe mara mbili kwa siku, basi.

Hatua ya 6: Gesi

Mtungi wa kilo 3 unatutosha siku tatu. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye mtungi wenyewe, hivyo uweke kwenye mizani ujue kilichobaki badala ya kuutikisa na kubahatisha. Njiani, fungua jiko litoke, funga koki, mtungi usimame wima na ufungwe kwa mkanda, dirisha moja liwe wazi kidogo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, miguuni mwa watoto waliolala. Kila ukirudisha jiko, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, usiwashe.

Kipande cha bati cha kuzuia upepo kiweke upande unakotoka upepo tu. Ukiuzungushia mtungi pande zote, joto linaurudia. Na hata mvua ikinyesha namna gani, usipikie ndani ya hema, na jiko la mkaa lisiingizwe humo hata kwa kujipasha joto. Hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Kuni nazo usitegemee, kwa sababu ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kuokota.

Hatua ya 7: Kupakia

Pakia kinyume. Kitakachotoka mwisho kiingie kwanza. Tranka na dumu la maji la lita 20 vikae chini kabisa, vikiegemea mgongo wa kiti cha nyuma, kwa sababu dumu hilo ni kilo 20 na likiwa juu litaliyumbisha gari kwenye kona. Kisha vyombo, kisha deli upande usio na jua. Mtungi ukae karibu na mlango, na sanduku la chai ndilo la mwisho kuingia. Kwenye keria weka vyepesi tu: mahema, magodoro, turubai. Hema huwa nalifunga juu kabisa ya magodoro ili mvua ikianza nisilowanishe matandiko nikilitafuta.

Kabla ya kuondoka, fanya zoezi uani kwako usiku, taa zikiwa zimezimwa. Mwambie mtoto ahesabu dakika. Chai ikichukua zaidi ya kumi na tano, kuna kitu kimekaa mahali pasipo pake.

Hatua ya 8: Kambini

Kambi za umma za Seronera, ndani ya Serengeti, zina majiko yaliyozungushiwa nyavu za chuma. Pikia humo. Usiku, kila chombo kirudi garini, hata kilichooshwa, hata stilwaya. Fisi hubeba sufuria kwa sababu ya harufu, na huwezi kumfuata gizani kumdai. Viatu vya ngozi navyo viingie ndani.

Hatua ya 9: Siku ya kurudi

Osha, anika juani, acha masanduku wazi usiku mmoja. Ndani ya mfuniko wa kila sanduku nimebandika orodha ya vilivyomo; kilichosafiri mara mbili bila kuguswa nakifuta na kukitoa. Sanduku la chai silipunguzi kitu. Siku hiyohiyo najaza sukari na majani, naweka betri mpya kwenye tochi, na kiberiti kinarudi kwenye kona ya kulia, chini ya mfuniko, mahali ambapo mkono wangu unakifikia bila kuangalia.