Mbwa wa shamba kwenye milima ya mawe kipindi cha mvua: jinsi ya kumtoa na kumrudisha akiwa mzima

Naandika hii kwa ajili ya watu wa huku kwetu Mwanza, Nyegezi, Luchelele, mpaka Usagara na Misungwi kule, wale ambao shamba lako liko chini ya mlima wa mawe na mbwa ndo askari wako, mchana anafukuza tumbili kwenye mahindi na usiku anabweka fisi asisogelee zizi la mbuzi. Sizungumzii kuwinda. Kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa kisheria, mbwa wangu wanafukuza tu na wakiitwa wanarudi. Ila kazi ni ileile ya kukimbia juu ya mawe, kulowa, kupigwa na upepo wa ziwani masaa kadhaa, na mbwa wengi wa huku wanakufa kwa ajili hiyo alafu watu wanasema karogwa au kala sumu.

Watu wanasema Mwanza hamna baridi. Kwa mtu aliyevaa koti ni kweli. Sasa mchukue mbwa wetu huyu wa kienyeji, manyoya mafupi, hana mafuta mwilini, mbavu unazihesabu, mloweshe mpaka kwenye ngozi alafu muache kwenye upepo. Manyoya yakishalowa hayazuii baridi tena, na upepo unamnyang'anya joto muda wote mpaka akauke. Joto la mwili wa mbwa mzima ni kama nyuzi 38 mpaka 39, likishuka chini ya 37 huyo yuko hatarini, na kufika huko hakuhitaji theluji. Huko Ulaya milimani mbwa wanagandwa na vidonge vya barafu katikati ya vidole, sisi tunalo tope jeusi la mbuga linafanya kazi hiyohiyo, likikauka linakuwa kama kokoto na linamkata kila anapokanyaga.

Mi nilijifunza vibaya. Nilikua na jike anaitwa Sijali, mbwa mwenye akili sana yule, mwezi wa tatu mvua za masika ndo zimeanza, akawafuata tumbili mpaka juu kwenye mawe, radi ikapiga, nadhani alijificha chini ya jiwe kwa uoga, karudi saa 2 usiku amelowa chapachapa. Nikampa ugali wake akala kidogo, nikamuacha barazani kwenye saruji nikaingia kulala, maana nilijua kafika basi yameisha. Asubuhi nikamkuta amekakamaa. Baba mdogo alipokuja akaniuliza kitu kimoja tu, "Ulimkausha?" Nikamwambia hapana baba, nilijua atakauka mwenyewe. Akasema, "Mtoto wako akirudi shule kalowa unamwambia akauke mwenyewe?" Sikua na jibu, na mpaka leo sina. Kwahiyo kama hutasoma kitu kingine hapa soma hiki: mvua yenyewe sio inayomuua mbwa, kinachomuua ni ile nusu saa baada ya kurudi nyumbani, pale wewe unapodhani kazi imeisha.

Nusu saa hiyo mi naifanya hivi. Kabla sijanawa mimi nashika mbwa. Nina mataulo ya mtumba, ya zamani kabisa, na gunia moja laini, namsugua kwa nguvu kinyume na manyoya, kuanzia kifuani na tumboni maana huko ndo hukaa maji na ndo kuna vitu vya muhimu ndani, masikio namalizia kwa kitambaa kikavu, namsugua mpaka mkono wangu ukipita haulowi. Alafu namnawisha miguu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, natanua kila kidole natoa tope, miiba, mbegu za majani, nafuta tena. Nyayo za mbwa zikishinda kwenye maji zinalainika kama vidole vyako ukifua nguo siku nzima, na akizipitisha kwenye jiwe gumu zinachubuka vipande vipande. Akiwa amechubuka nampaka mafuta ya mgando usiku na kesho hatoki. Usimpake oili chafu ya gari. Najua wengi mnafanya hivyo, kwa upele, kwa vidonda, kwa kila kitu, ile ni sumu, anailamba inaingia tumboni na ngozi inaungua. Na dawa ya josho la ng'ombe usiikadirie kwa macho ukampaka mbwa, muulize daktari wa mifugo kipimo cha mbwa na dawa ipi.

Sasa umemkausha lakini bado anatetemeka, hiyo sio mbaya sana, kutetemeka ni mwili unatafuta joto. Uogope anapoacha kutetemeka wakati bado ni wa baridi, ufizi umepauka, anatembea kama mlevi, ukimwita anakuangalia tu. Huyo mlaze ndani, mfunike blanketi, chukua chupa za plastiki tia maji ya moto yasiyounguza, ziviringishe kwenye kanga uziweke kifuani na kwapani. Usimuweke karibu na moto, ngozi yake imekufa ganzi ataungua na hasemi. Na tafadhali sana usimfungie chumbani na jiko la mkaa, hewa ya mkaa inaua mbwa na inaua na wewe, kila mwaka watu wanakufa kwa hilo. Kama anameza vizuri mpe maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo kidogo, kama hamezi usimmiminie kitu mdomoni kitaingia mapafuni, tafuta daktari wa mifugo usiku huohuo. Dawa zetu za maumivu pia muwekee mbali, diklofenaki na ibuprofen zinamharibu mbwa tumbo na figo, kidonge kimoja tu cha mtu kinaweza kumtoboa utumbo.

Pa kulala. Saruji inanyonya joto, udongo mbichi unanyonya joto, kwahiyo banda liwe na chaga za mbao, zinyanyue juu ya tofali ili hewa na maji vipite chini. Liwe dogo! Watu wanamjengea mbwa banda kama la ng'ombe wakidhani ndo upendo, mbwa analipasha banda kwa joto lake mwenyewe, likiwa kubwa anapasha hewa ya bure. Awe anaweza kusimama, kugeuka na kujikunja, inatosha. Angalia ukuta wa nyumba yako ni upande gani mvua inaupiga ukachafuka, upande huo ndo banda liupe mgongo. Ndani weka nyasi kavu, ukiona zimelowa toa zote weka nyingine, usiongeze kavu juu ya mbichi. Kitu kingine, udongo wenye unyevu na mkojo ndo nzi wale wanapotaga mayai, yale ambayo mabuu yake yanaingia kwenye ngozi, unaona uvimbe una kitundu katikati na kitu kinacheza. Paka mafuta ya mgando kwenye kitundu kikose hewa, subiri, alafu kamua taratibu kitoke kizima. Hao hao ndo wanaowaingia watoto kupitia nguo zilizoanikwa nje zisipigwe pasi.

Chakula sasa. Ugali wa dona peke yake haumtoshi mbwa anayefanya kazi kwenye mvua, anachohitaji ni mafuta na nyama, na Mwanza hatuna sababu ya kulia maana mapanki ya sangara (vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishatolewa) yapo na dagaa wapo. Chemsha kila kitu, samaki mbichi wana minyoo. Mapanki yachemshe mpaka mifupa ivunjike kwa vidole alafu toa ile migumu ya kichwa, dagaa wachambue mchanga, ukipata mafuta ya utumbo wa ng'ombe pale machinjioni changanya. Siku ya kazi mi naongeza kama nusu ya kipimo cha kawaida. Ila asubuhi kabla ya kutoka mpe kidogo sana, chakula kikubwa mpe tumbo lake likiwa limetulia, kama saa moja baada ya kurudi na kukauka, maana mbwa aliyeshiba akikimbia na kuruka tumbo linaweza kujinyonga, na hilo likitokea mara nyingi humwokoi. Maji ya kunywa mpe hata kama mvua inanyesha, masafi, asiende kunywa kwenye madimbwi. Panya wanakojoa kwenye madimbwi na huko ndo mbwa anapata homa ya mgunda, ile iliyosikika sana 2022 kule Lindi, inampata mbwa na inampata mwenye mbwa pia.

Kabla hujatoka nae angalia ziwa. Usiku mawingu ya radi yanajengeka juu ya ziwa, mchana yanahamia nchi kavu, kwahiyo ukiamka ukakuta kule majini kweusi na kunamulika subiri kwanza, tumbili nao hawatoki kwenye radi. Mkiwa tayari mko mlimani na ngurumo ikafika chini ya sekunde 30 baada ya mwanga shukeni, usikae kileleni kwenye jiwe, usikae chini ya mwembe uliosimama peke yake, na mbwa asiwe kwenye mnyororo wa chuma. Kaeni chini mpaka ipite nusu saa bila ngurumo. Mbwa wengi wanakimbia hovyo wakisikia radi, ndo kilichomkuta Sijali, kwahiyo mawingu yakianza tu mimi namfunga kamba ya kawaida natembea nae.

Mkanda wa shingo, hapa watu wengi hawafikirii. Kwenye yale mawe yaliyopandana mbwa anaingia kwenye mwanya akimfuata pimbi au ngedere, mkanda unanasa kwenye mzizi, anajinyonga na wewe hujui yuko wapi. Mi nakata kipande cha tyubu ya baiskeli ndo namvalisha, ukinasa unatanuka anachomoka. Na jiwe likiwa na ukungu wa kijani, au maji yanatiririka juu yake, msipite hapo, zunguka, mbwa akiteleza kwenye jiwe kubwa anavunjika nyonga na hiyo huku kwetu hakuna wa kuitengeneza. Mbwa mtoto chini ya mwaka mmoja asipande mawe, jike mwenye mimba asipande mawe, mbwa mzee mwenye miguu iliyokaza abaki akilinda nyumba.

Nyoka nao mvua inawatoa mashimoni. Kifutu haondoki ukimkaribia, analala palepale njiani, kwahiyo piga chini kwa fimbo ukitangulia kwenye majani marefu. Mbwa akiumwa na nyoka usichanje, usifunge kamba, mbebe asitembee, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Swila akimtemea macho mwagia maji mengi masafi muda mrefu, hapohapo, usisubiri kufika nyumbani. Ukishuka upande wa ziwani usimuache aingie kwenye matete kunywa, mamba wapo na wewe unajua wapo.

Chanjo nimeiweka mwisho lakini ndo ya kwanza. Kichaa cha mbwa chanja akifika miezi mitatu alafu kila mwaka, usiruke mwaka, maana mbwa wa shamba anakutana na fisi, mbweha, na mbwa wasio na mwenyewe. Akikung'ata mnyama usiyemjua, au mbwa wako mwenyewe ambaye hajachanjwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, ukishaanza kuumwa hakuna dawa. Chanja na ile ya magonjwa mengine ya virusi yanayoua mbwa, distempa na parvo. Mwaka 1994 distempa iliingia Serengeti, hapo jirani zetu tu, ikaua kama simba 1,000, theluthi moja ya simba wote wa kule, na virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijijini. Yani mbwa kama hawa wa kwetu. Ukinunua chanjo hakikisha imekaa kwenye friji na unaibeba kwenye barafu, iliyokaa juani ni maji tu.

Alafu kesho yake. Asubuhi kabla hujatoka mwite jina kwa mbali uangalie anavyokuja. Akija anakimbia mkia juu, mguse masikio, mtazame ufizi uwe wa pinki, kagua vidole na kupe, basi ametoka salama. Akija anachechemea, au amejikunja, au hajamaliza chakula cha jana, leo anabaki nyumbani kwenye nyasi kavu, na wewe unabeba debe na fimbo, unaenda kuwagongea tumbili mwenyewe.