Mgonjwa wa uti wa mgongo na kadi ya bima: namna ya kujipanga mkiwa Tanga

Mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi kule Pangani na abiria aliyerushwa na bodaboda mjini Tanga wanaweza kuwa na jeraha lile lile la uti wa mgongo, lakini safari zao za matibabu zikatofautiana kwa sababu ya kadi. Hata hivyo, mwili hutangulia kadi: majeruhi asibebwe mzegamzega, bali alazwe chali juu ya ubao, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja.

Akishapokelewa, ndugu mmoja apewe jukumu la kushughulikia bima siku hiyo hiyo. Swali lake lisiwe tu kama mgonjwa ana bima, bali bima hiyo inafika wapi. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018, ilipangwa kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Tanga ni Bombo. Upasuaji mgumu wa mgongo hupelekewa rufaa Taasisi ya Mifupa MOI, Dar es Salaam, au hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, na hapo ndipo familia nyingi hugundua kwamba kadi waliyoitegemea imebaki nyuma. Mwenye kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, huweza kuendelea mbele, mradi barua ya rufaa imejazwa ipasavyo. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadili mpangilio huu, mwulizeni afisa wa bima, kwa kutaja kitu kimoja kimoja, iwapo kitita cha mgonjwa, yaani orodha ya huduma anazolipiwa, kinagharimia kipimo cha MRI cha kupiga picha za ndani ya mwili, vyuma vya kuunga pingili, gari la wagonjwa, fiziotherapia na kiti cha magurudumu. Msiridhike na jibu la "inalipa". Mishipa ya fahamu iliyobanwa hupata nafuu zaidi ikifunguliwa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24, na saa hizo huishia kwenye kuchangishana fedha.

Aliyeumia kazini, tuseme katika shamba la mkonge, ana haki nyingine: mwajiri atoe taarifa WCF, mfuko unaogharimia matibabu ya ajali za kazini. Aliyegongwa barabarani achukuliwe polisi fomu ya PF3, ile ya matibabu ya majeruhi, na namba ya chombo iandikwe, kwani bima ya chombo ndiyo njia ya kudai fidia baadaye.

Asiye na kadi yoyote apelekwe ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, pamoja na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kuomba msamaha wa gharama kabla deni halijarundikana. Kadi ya shemeji isiazimwe. Huo ni udanganyifu, na taarifa za mtu mwingine zikiingia katika faili zinaweza kumletea mgonjwa dawa isiyomfaa.

Kabla ya ruhusa, muuguzi awaelekeze namna ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda, na namna ya kutunza mpira wa mkojo. Chukueni muhtasari wa matibabu na tarehe ya kliniki, kisha mhakikishe kwamba kadi haitaisha muda kabla ya tarehe hiyo.